Spika ya omu ngapi kwa amplifaya ya betri? Pima kwanza usije ukaunguza bodi

Wakuu habari za saizi. Hapa Morogoro kwenye kibanda changu haipiti wiki bila mtu kuja na kiboksi alichojitengenezea mwenyewe nyumbani, ndani kuna bodi ya bluetooth, betri ya UPS au zile seli zilizobomolewa kwenye laptop, na spika mbili zilizong'olewa kwenye mlango wa gari, na malalamiko ni yaleyale matatu, aidha mziki unakatika kila besi ikipiga, aidha bodi inachemka mpaka gundi inalainika, au ananiambia fundi mimi nilinunua wati 100 mbona nazidiwa na redio ya jirani. Nikifungua nakuta mara nyingi betri haina shida na bodi haina shida, tatizo ni omu za spika alizofunga. Sasa nimechoka kuelezea mmojammoja, naandika yote hapa, mwenye swali ntamtumia hii asome alafu ndo aje tuongee.

Kabla ya hatua, tuelewane kuhusu omu zenyewe. Omu za spika ni namna spika inavyoubana umeme usipite. Omu nyingi imebana, umeme unapita kidogo, omu chache imeachia, umeme unapita mwingi. Wataalamu wanaita impidansi kwa sababu haitulii sehemu moja kama ukinzani wa waya, inapanda na kushuka kutokana na sauti inayopita muda huo, spika iliyoandikwa 8 kuna sehemu ya besi inapanda mpaka 30 na kitu na kuna sehemu inashuka inagusa 6, kwaiyo ile 8 iliyogongwa nyuma ya sumaku ichukulie kama jina la familia tu.

Na hili neno kulinganisha limewapoteza wengi. Mtu anaona bodi imeandikwa omu 4 anazunguka mji mzima anatafuta spika ya 4, ana ya 8 nzuri kabisa nyumbani anaogopa kuifunga. Enzi za amplifaya za valvu kweli ilibidi spika ilingane na transfoma ya kutokea, ila hizi za aisii (kile kidude cheusi chenye miguu mingi kwenye bodi) na transista namba iliyoandikwa ni kikomo cha chini. Imeandikwa 4 maana yake usishuke chini ya 4. Ukiweka 6 au 8 au 16 hakuna kitakachoungua, utapata wati chache basi. Kinachoua bodi ni kushuka.

Sasa kwenye betri kuna la zaidi, na hili ndo nataka ulishike. Amplifaya ya umeme wa ukutani mtengenezaji anajipangia volti anazotaka, akitaka 30 anaweka transfoma ya 30. Wewe wa betri volti umeshapewa, ni 12, na bila bodi ya kupandisha volti huwezi kuzibembeleza ziwe 20. Kwaiyo kitu pekee kilichobaki mkononi mwako cha kuamua wati utakazopata na ampia betri itakazonyonywa ni omu za spika. Ndo maana mimi naanzia kwenye betri, spika inakuja mwisho, japo wateja wote wanaanza kununua spika.

HATUA YA KWANZA: jua volti zako za kweli

Chukua mita pima betri ikiwa imejaa na ikiwa inakaribia kuisha. Betri ya risasi ya 12, iwe ya gari, ya sola au ile ndogo ya UPS ya 7Ah, ikijaa na kupumzika inasoma kama 12.7, ikifika 11.8 ujue umeshaikamua sana, na ikiwa kwenye chaja inapanda mpaka 14.4. Seli za lithiamu tatu kwa siriizi, yani zimefuatana chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, zinajaa 12.6 na zinaisha kwenye 9 hivi, kwaiyo mziki utakaousikia saa mbili usiku sio ule wa saa nane mchana. Zile za lithiamu fosfeti nne kwa siriizi ni 12.8 na zinatulia hapohapo muda mrefu, ukiwa na hela nunua hizo.

Wanaofunga betri mbili za 12 siriizi wapate 24 wasikilize hapa. Betri mbili zikiwa kwenye chaja zinafika 28.8, na bodi maarufu za TPA3116 mwisho wake wa kufanyia kazi ni volti 26. Mtu anapiga mziki huku anachaji, bodi inakufa, anarudi kulaumu duka. Weka swichi inayoitoa bodi wakati wa kuchaji, au tumia seli sita za lithiamu ambazo zikijaa ni 25.2, hapo uko salama.

HATUA YA PILI: jua bodi yako ni ya aina gani

Usisome maandishi ya kwenye kasha. Mimi mwenyewe niliwahi kununua bodi duka moja Kariakoo imeandikwa wati 100 mara mbili, nikaja nayo nyumbani kwa raha zangu, kuifunga kwenye betri ya 12 ikatoa 15 kwa 15. Na haikuwa feki! Ile 100 ni mahesabu ya volti kubwa ambazo mimi sina. Chukua simu, washa kamera, vuta karibu usome aisii yenyewe, ikiwa imefunikwa na bati la kupozea legeza skrubu.

Ukikuta PAM8403 hiyo ni ya volti 5 tu, ya pawabenki, inatoa wati 3 kila upande kwenye omu 4 ukiwa na bahati, kwenye 8 hata 2 haifiki, na ukiipa 12 inakufa papo hapo. TDA7297 imetengenezwa kwa spika za omu 8, wauzaji watakwambia hata 4 inapiga, kweli inapiga, ila shika lile bati lake baada ya nyimbo tatu alafu uniambie. TPA3116 inakubali 4 bila shida. Redio za gari karibu zote ni omu 4 kwenda juu, na ile 50W x 4 ya usoni isikutishe, kwa volti 14.4 za gari haivuki 20 na kidogo kwa spika. TDA2030 tutaisema sasa hivi.

Kuna mgawanyiko hapa ambao lazima uujue, kuna bodi zinazosukuma spika kwa upande mmoja, na kuna zinazosukuma kwa pande mbili, tunaita briji. Ya upande mmoja waya hasi wa spika umeungana na hasi ya betri, na sauti inatoka kwa kupitia kapasita kubwa. Ya briji nyaya zote mbili za spika ziko hai, moja ikisukuma mwenzake anavuta, ndo maana kwa betri ileile inatoa wati mara nne ya mwenzake. PAM8403, TDA7297, TPA3116 na redio za gari zote ni briji. TDA2030 moja peke yake kwenye betri moja ni ya upande mmoja, na ndo ile inayokaa kwenye sabufa nyingi za bei rahisi.

Kujua bila kusoma chochote: washa bodi bila mziki, mita iweke kwenye volti za DC, waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, mwekundu gusa ile terminali hasi ya spika. Ikisoma sifuri hiyo ni ya upande mmoja. Ikisoma karibu nusu ya betri, yani 6 hivi, hiyo ni briji, na kuanzia hapo marufuku kuunganisha hasi ya spika na boksi la chuma, na hasi ya betri, au na hasi ya spika ya upande wa pili. Nimeona watu wanaokoa waya, wanapeleka nyaya tatu kwa spika mbili hasi ikiwa moja ya kuchangia, kwenye briji hiyo ni shoti kamili.

Ukiwa bado umeshika mita, pima pia kati ya chanya na hasi za spika upande uleule. Inatakiwa isome sifuri au pointi sifuri kitu. Ukiona volti kadhaa za DC pale usifunge spika, aisii imeshakufa na itakuchomea koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika.

HATUA YA TATU: piga hesabu, ni ndogo tu

Kwa briji chukua volti za betri zidisha kwa zenyewe, gawanya kwa omu mara mbili. Volti 12 mara 12 ni 144. Spika ya omu 4, mara mbili ni 8, 144 gawa kwa 8 ni 18. Toa upotevu wa ndani unabaki na 15 hivi. Spika ya omu 8, 144 gawa kwa 16 ni 9, ukitoa upotevu ni 8. Basi, hizo ndo wati zako safi kwa betri ya 12, hakuna duka linaloweza kukuongezea. Ukipandisha sauti zaidi ya hapo namba za wati zitaongezeka kidogo lakini mawimbi yameshakatwa vichwa, unasikia sauti inapasuka, na tuita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ndo za kwanza kuungua.

Kwa bodi ya upande mmoja tumia nusu ya volti. 6 mara 6 ni 36, gawa kwa 8 (spika ya omu 4, mara mbili) ni 4.5, toa upotevu, wati 3. Ndo maana ile sabufa yako ya TDA2030 uliyoitoa kwenye umeme ukaibadilisha iwe ya betri ya 12 inalia kama simu. Ya umeme ilikuwa inapewa volti nyingi kuliko hizo, sasa umeipunguzia chakula. Hapo usihangaike na spika, badili bodi.

Na ampia je? Wati 15 kwa pande mbili ni 30, bodi za daraja la D kama TPA3116 hazipotezi sana, kwaiyo betri inatoa kama 34, gawa kwa 12 ni karibu ampia 3 mziki ukiwa umejaa kabisa. Ukiwa na spika za 8 ni nusu ya hapo. Mziki wa kawaida haujai muda wote, una mapigo na mapumziko, wastani unakuta ni robo ya hiyo au chini. Hizi za zamani kama TDA7297 zinakula karibu mara mbili kwa sauti ileile na nusu inaishia kuwa joto.

Sasa swali la kila mtu, nichukue 4 au 8? Kwa betri ya 12 na bodi inayokubali, mimi nachukua 4, sababu volti zimeshakuwa chache. Ila usitegemee maajabu, kutoka 8 kwenda 4 ni wati mara mbili na masikio yanasikia nyongeza ya desibeli 3, tofauti ipo ila mtu aliyeko nje hata hatageuka. Kama betri yako ni ndogo na unataka ifike asubuhi, chukua 8. Kwa volti 24 nachukua 8 bila kufikiria mara mbili, unapata 30 na kitu kila upande na bodi inabaki ya uvuguvugu.

Kitu ambacho watu hawaangalii kabisa ni ile namba ya desibeli kwenye karatasi ya maelezo ya spika, inaitwa sensitiviti, sauti inayotoka kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Spika ya 92 ukiipa wati 8 inapiga sawasawa na spika ya 84 uliyoipa wati 50. Soma tena hapo. Zile spika kubwa za zamani za redio za mbao, karatasi nyepesi, ukingo wa karatasi, ndo rafiki wa betri. Hizi nene za mpira za kwenye sabufa za gari zimetengenezwa zinywe wati 300, ukizipa 15 zinakutazama tu.

HATUA YA NNE: pima spika yenyewe

Hapa nina spika ya inchi 6 na nusu, imetoka kwenye redio iliyokufa, nyuma lebo imekwanguka. Mita naiweka kwenye omu 200, kwanza nagusanisha nyaya za mita zenyewe kwa zenyewe inasoma 0.4, hiyo ni ya nyaya, naikumbuka. Nagusa terminali za spika, namba zinaruka ruka maana nimeitikisa karatasi, koili ikicheza mbele ya sumaku inazalisha umeme wake, natulia, inatua 6.6. Natoa 0.4 inabaki 6.2. Hii ni spika ya omu 8.

Mbona sio 8? Kwa sababu mita inapima ukinzani wa waya wa koili tu, spika ikiwa imetulia, na siku zote inasoma chini ya jina. Ukipata 3 mpaka 3.8 ni ya omu 4, ukipata 4.5 mpaka 5.2 ni ya 6, 5.5 mpaka 7.5 ni ya 8, na 12 kwenda 14 ni ya 16. Ukipata 1.7 hivi hiyo ni ya omu 2 ya sabufa za gari, irudishe ulikoitoa. Mita isiposoma kitu kabisa koili imekatika, na ikisoma ndogo kuliko lebo, mfano imeandikwa 8 inasoma 2, koili imeungua na kushikana, hiyo spika itakuulia bodi hata kama bado inalia kwa mbali.

Sukuma karatasi taratibu kwa vidole vyote, ukisikia inakwaruza ndani koili imepinda. Alafu chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusa sekunde moja tu, karatasi ikitoka nje basi ile terminali iliyogusa chanya ya betri ndo chanya ya spika, weka alama ya kalamu. Spika mbili zikipishana chanya na hasi besi inapotea, mtu anaenda kununua sabufa nyingine kumbe ni kugeuza waya.

HATUA YA TANO: kama spika ni zaidi ya moja upande mmoja

Siriizi unajumlisha, 4 na 4 ni 8. Paraleli, yani chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, kwa spika zinazofanana unagawa kwa idadi, 8 mbili ni 4, 4 mbili ni 2. Zikiwa tofauti, zidisha gawa kwa jumla, 8 na 4, 32 gawa kwa 12, ni 2.7, na hiyo tayari imeshuka chini ya 4.

Na hapa ndo nilipounguza ya kwangu, bora niseme. Harusi ya binamu yangu, kijijini hamna umeme, mimi ndo fundi wa familia nikaahidi mziki. Nilikuwa na spika nne za milango ya gari, zote omu 4, nikaona zote zipige upande mmoja sababu upande wa pili wa bodi ulikuwa na waya mbovu, nikazifunga zote paraleli. Nne za 4 ni omu 1. Zilipiga kama dakika kumi vizuri kabisa, watu wakaanza kuinuka, bibi harusi anaingia, nikaongeza sauti kidogo, nikasikia harufu ya plastiki kabla sijasikia kimya. Tulimalizia na ngoma za akina mama, na kusema kweli zilinoga kuliko mziki wangu, lakini mjomba mpaka leo ananiita fundi wa nusu saa.

Nilichotakiwa kufanya ni hiki, mbilimbili siriizi zinakuwa 8 na 8, alafu hizo jozi mbili paraleli zinarudi 4. Spika nne, omu 4 ileile, na kila moja inapata robo ya wati. Lazima zote ziwe za omu sawa. Ukichanganya 4 na 8, kwenye paraleli ile ya 4 inakula mara mbili ya mwenzake, kwenye siriizi inageuka, ya 8 ndo inakula mara mbili, vyovyote vile moja inapiga nyingine inasindikiza.

Kuhusu tuita, watu wanaogopa kwamba ukiongeza tuita ya 4 paraleli na spika ya 4 inakuwa 2. Ikiwa na kapasita yake hapana, kapasita inazuia besi isipite kwenye tuita, na kwenye sauti nyembamba ile spika kubwa yenyewe omu zake zimepanda. Ila kapasita iwe ile isiyo na chanya na hasi, na ujue inategemea omu, maikrofaradi 10 na tuita ya 4 inaanzia kama hezi 4,000, ukibadili tuita ikawa ya 8 na kapasita ileile inaanzia 2,000, chini sana kwa tuita ndogo, itapiga kelele na kuungua. Kwa ya 8 weka 4.7.

Wale wa honi, za matangazo ya pikipiki, mahubiri, msikitini, yuniti zenu (ile spika yenyewe nyuma ya honi) nyingi ni omu 16 na amplifaya zenu nyuma zina terminali za COM, yani ile ya kuchangia, 4, 8, 16, 70V na 100V. Hapa ndo lile neno kulinganisha lina maana yake ya zamani, kuna transfoma ndani. Yuniti moja ya 16 funga COM na 16, mbili paraleli funga COM na 8, nne COM na 4. Ukitumia 100V lazima kila honi iwe na transfoma yake, na hapo hesabu ya omu unaiacha, unajumlisha wati za kila honi zisizidi za amplifaya. Usifunge yuniti tupu kwenye 100V.

HATUA YA SITA: waya, fyuzi na betri yenye kizuizi

Shangazi yangu ana genge la chipsi, nilimfungia redio akaniita siku ya pili. Nafika, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, hii redio yako ina wazimu, kila besi ikilia yule dada wa ndani anasema pawa oni. Nikawasha, kweli, ngoma ikidunda tu inazima, bluetooth inajiwasha upya na kujitambulisha, wateja wanacheka. Yani mtu mwingine angesema bodi mbovu. Nikaweka mita kwenye terminali za bodi nikapiga wimbo wenye besi, 12.3 inadondoka mpaka 9 kwa pigo moja. Nikapima kwenye betri yenyewe, 12.2 haitingishiki. Shemeji yangu alikuwa ameirefusha waya wa betri kwa kamba nyembamba ya chaja ya simu ili betri ikae nyuma ya friji.

Waya wa milimita za mraba 0.5 kwa umbali wa mita 5, kwenda na kurudi ni mita 10, una omu 0.34 peke yake. Kwa ampia 3 unapoteza volti 1 nzima njiani, na ule wa chaja ulikuwa mwembamba kuliko huo. Nikaweka wa 2.5, ukaisha ugomvi. Kanuni yangu, waya wa betri ndo uwe mfupi na mnene, wa spika ukirefuka kidogo utasamehewa.

Ikiwa volti zinadondoka mpaka kwenye betri yenyewe basi betri imechoka, au omu zako ni chache kwake. Na ukiwa na lithiamu yenye bodi ya BMS, ile ya kuilinda betri, ikikata ghafla sauti ikipanda na kurudi baada ya kuchomoa, BMS ndo inakata sababu ampia zimezidi, usiiruke kwa waya kama nilivyoona wengine wanafanya. Badili spika za 4 weka 8, unyonyaji unashuka nusu, tatizo linaondoka bila kununua betri. Hii nimeitumia mara nyingi sana.

Fyuzi weka kwenye waya chanya karibu kabisa na betri, ampia 5 inatosha kwa bodi ya 15 kwa 15. Betri haina huruma ya mita ya Luku, ikipata shoti inatoa yote kwa mpigo.

HATUA YA SABA: kuwasha mara ya kwanza

Kabla ya kuunga betri, pima omu kutokea kwenye ncha za nyaya za spika, pale zinapoingia kwenye bodi. Unatakiwa upate ile namba uliyotarajia, 3 na kitu kwa omu 4, 6 na kitu kwa omu 8. Ukipata sifuri kuna nyuzi za waya zimegusana kwenye terminali, zile nyuzi moja moja zinazochomoza, zikate. Hakikisha pia hakuna mguso kati ya nyaya za spika na hasi ya betri.

Washa sauti ikiwa chini kabisa, panda taratibu, ukisikia inapasuka rudi nyuma kidogo, uweke alama hapo kwenye kitufe kwa rangi ya kucha ili na watoto waelewe. Acha ipige robo saa kwenye alama hiyo, gusa bati la kupozea. Ukiweza kuhesabu mpaka tano kidole kikiwa palepale bodi na spika wameelewana. Ukitoa mkono kwenye mbili, zima, rudi upime omu upya, na kama ziko sawa basi ongeza bati au toboa boksi nyuma hewa ipite, ila toboa upande wa bodi tu, chumba cha spika kiache kimefungwa.